Hapana ya Kwanza ya Marlys Veldhuis

Marlys Veldhuis alikuwa na miaka hamsini na mitatu aliporudi darasani kuambiwa kwamba ukiondoa hasi unaongeza. Aliandika kwa sababu mwalimu alisema iandikwe, lakini hakuamini hata kidogo. Katika maisha aliyoyaishi yeye, kuondoa kulikuwa kuondoa. Ukitoa viazi kwenye gunia, gunia hupungua, na hajawahi kuona gunia lililojaa kwa kutolewa viazi, hata viwe vibovu namna gani.

Hakuwa mjinga, na hili tuliseme mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akimwambia kinyume chake kila aliyetaka kusikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Utu uzima wake wote aliumalizia kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale Oostveld, mji mdogo wa Iowa, Marekani, akiwanyanyua wazee wa watu kutoka kitandani kwenda kitini, kutoka kitini kwenda bafuni, na kuwarudisha walikotoka. Wazee wa Iowa wenye asili ya Uholanzi si wepesi. Wamelelewa kwa viazi, nyama ya nguruwe na siagi. Mwisho mgongo ukagoma. Daktari akamwambia kwamba akiendelea hivyo, haitapita muda naye atakuwa wa kunyanyuliwa.

Hapo ndipo muuguzi mkuu alipomshauri aende chuo cha jamii akasomee uuguzi. Wauguzi pale hawabebi watu, wanasukuma kigari cha dawa. Nafasi ilikuwepo, masomo yangeanza Januari, na jina lake lingewekwa kwa sharti moja tu, kwamba afaulu hesabu kabla ya hapo. Akafanya mtihani wa kupimwa, na mtihani ukamtupa chini kabisa, kwenye utangulizi wa aljebra, somo lisilohesabiwa kwenye cheti chochote lakini bila hilo hakuna mlango unaofunguka. Alitakiwa apate sabini kwa mia. Asipopata, nafasi ingepewa mtu mwingine na yeye angesubiri mwaka mzima. Mgongo wake haukuwa na mwaka mzima wa kusubiri, na alilijua hilo kila asubuhi alipoinama kuvaa soksi.

Sasa kuna jambo moja kuhusu watu wa Oostveld ambalo usipolijua utadhani wana kiburi. Hawakubali kitu mara ya kwanza. Ukimkaribisha mtu kahawa, atasema hapana, nisikusumbue. Utamwambia kahawa ipo tayari. Atasema basi usihangaike. Utamwambia kikombe kidogo tu. Ndipo atakaa, na atakunywa vikombe vyake vyote na keki juu. Hapana ya kwanza ni adabu. Ya pili ni kumpa mwenye nyumba nafasi ya kujitoa kama hakumaanisha. Ya tatu haipo, kwa sababu mara ya tatu watu wazima hukubali. Anayekubali papo hapo ni mlafi, na anayekaribisha mara moja kisha akanyamaza ni mtu aliyelelewa zizini. Nimemwona mzee mmoja, gari lake limezama mtaroni kwenye theluji, gurudumu moja liko hewani, jirani amesimama na trekta na mnyororo mkononi, na mzee anamwambia, ah, hapana, wewe endelea na safari yako. Jirani hakuendelea, maana naye ni wa palepale.

Mwalimu Rosalind Abruzzo hakuwa wa palepale. Alizaliwa New Jersey, akahamia Iowa kumfuata mume. Mume akaondoka, kazi ikabaki. Alisema haraka, huku akitembea, na alifuta ubao kwa kiganja ingawa kifutio kilikuwa mbele yake. Aliwataka wanafunzi wamwite Rosalind. Marlys hakuweza kumwita mtu aliyeshika chaki kwa jina lake la kwanza, kwa hiyo darasani alimwita mwalimu, na nyumbani alimwita yule mwalimu. Kule alikokulia Rosalind, hapana ni hapana. Ukikataa mkate, mkate unaliwa mbele ya macho yako na hakuna anayenuna.

Mtihani wa kwanza ulirudi Septemba, na karatasi ya Marlys ilikuwa na wekundu mwingi kuliko weusi. Sehemu, yaani nusu na robo, alizijua. Asilimia alizijua vizuri. Lakini kila penye alama ya kutoa na namba hasi karibu yake, alikuwa amekwenda kinyume, kwa uaminifu mkubwa, kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Mwalimu aliliona hilo mara moja, na kipindi kilipoisha akamwendea kwenye dawati.

"Marlys, unataka tukae kidogo tuziangalie hizi hasi? Ni kitu kimoja tu kinakusumbua."

"Ah, hapana. Nisikusumbue, mwalimu. Una kazi zako."

"Haya," akasema mwalimu, akachukua mkoba wake.

Marlys alibaki amesimama, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Aliuvaa wa pili taratibu. Akafunga vifungo, kimoja kimoja, akianzia chini. Mwalimu akapanga vitabu vyake, akamtakia jioni njema na kuondoka, na Marlys akawa anatazamana na ubao.

Jioni hiyo alimsimulia mumewe, Gerrit, aliyekuwa dereva wa mtambo wa wilaya wa kusafishia barabara, mtu wa maneno machache na milo mirefu. Gerrit alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka uma chini.

"Ameuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Moja tu?"

"Moja tu, Gerrit. Halafu akaenda zake."

"Basi hakutaka, mama. Angetaka angeuliza tena." Akarudia kula, lakini jambo lilikuwa bado linamkera. "Sijui huko kwao wanawalea vipi."

Ndivyo walivyolimaliza. Mantiki yao ilikuwa safi, haina hata doa, na ilimpeleka Marlys shimoni wiki baada ya wiki. Maana mwalimu aliuliza tena Oktoba, na akauliza tena baada ya mtihani wa pili, lakini kila mara aliuliza mara moja, akapokea hapana moja, akaendelea na shughuli zake. Marlys alihesabu kila siku peke yake. Hapana za siku mbili tofauti hazijumlishwi. Hilo hata mtoto wa Oostveld analijua.

Kwenye kiti cha jirani alikaa Yesenia Barragán, msichana wa kiwanda cha nyama ya nguruwe, aliyekuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, nywele bado zimebanwa. Yesenia alianza muhula akiwa nyuma ya Marlys. Lakini kila Jumanne aligonga mlango wa ofisi ya mwalimu na kusema hajaelewa, hata kidogo, naomba tuanze mwanzo. Alama zake zikapanda. Marlys aliona jambo hilo kama mtu anavyomwona jirani akiogelea bila nguo, kwa aibu na kwa wivu kidogo.

Yesenia hakuficha mawazo yake. "Bi Marlys, wewe nenda tu," alimwambia siku moja kwenye korido. "Mlango uko wazi."

"Ana kazi nyingi, yule."

"Kazi yenyewe si ndiyo hiyo? Analipwa. Mimi nikikataa kumkata nguruwe eti nisimsumbue, nitafukuzwa."

Marlys alicheka, kwa kuwa ilichekesha, na hakwenda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kwamba si kazi. Kwa mwanamke aliyelelewa vile, kubisha mlango wa mtu na kusema nina shida lilikuwa jambo la kufanywa nyumba ikiungua, na hata hapo angeanza kwa kuuliza kama wenyeji wameshakula.

Mambo yaliharibika zaidi Novemba, wiki moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Marlys alioka sinia la keki ya limau, akaikata vipande vya mraba, akaja nayo darasani, kwa kuwa kwao mtu huleta kitu. Vijana walikula kama nzige. Mwalimu alisema asante, hapana. Marlys akaona mambo yanaanza vizuri. Angalau mtu huyu ana adabu kidogo. Akamwambia ni kipande kidogo tu. Mwalimu akasema hapana, kweli, asante. Marlys alifurahi. Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu muhula uanze wao wawili kuzungumza lugha moja. Akachagua kipande kilicho kizuri kuliko vyote, akakiweka juu ya karatasi laini, akakisogeza mbele ya mwalimu kwa vidole viwili.

"Marlys," akasema mwalimu, na darasa zima likasikia. "Nimesema hapana mara mbili. Nina kisukari."

Marlys akakirudisha kipande kwenye sinia. Masikio yalimwaka mpaka kipindi kikaisha. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijilaumu kwa kutaka kumlisha sumu mgonjwa, yeye aliyekuwa anaomba kusukuma kigari cha dawa. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa upole wa majirani wanaogombea mpaka, na mwalimu hakuuliza tena kama anataka msaada.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Desemba, siku ya Jumatano. Kesho yake alasiri Marlys alifika chuoni kuchungulia matokeo, na mwalimu akamkuta koridoni na kumwita pembeni. Alikuwa na sitini na sita. Palikuwa na utaratibu, mwalimu alieleza, kwa wale waliokaribia: mtu anaweza kurudia fungu moja la mtihani kabla alama hazijapelekwa. Alama zingepelekwa kesho saa sita mchana. Fungu la namba hasi peke yake lingetosha kumvusha.

"Nitakuwepo kesho asubuhi. Unataka kurudia?"

Na hapa kinywa cha Marlys kikajibu kabla mwenyewe hajafika. "Ah, hapana, mwalimu. Una mambo mengi sana wiki hii."

Mwalimu alimtazama kidogo. Alikuwa amechoka, kope zilikuwa nzito. "Haya," akasema. "Ni uamuzi wako." Akaingia ofisini.

Marlys akatembea mpaka kwenye gari lake. Miguu ilikwenda vizuri, haina habari. Akawasha injini, akawasha joto, akaweka mikono kwenye usukani, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Ameutupa. Ameutupa mwaka wake, na nafasi yake, na mgongo wake, kwa kumhurumia mtu ambaye hakuomba huruma. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu watoto wake walipokuwa wadogo. Hata hivyo hakushuka. Alikaa akitazama mlango wa jengo, akingoja, Mungu amsaidie, mwalimu atoke amuulize mara ya pili.

Mwalimu alitoka kweli. Hakumwona. Alikwenda kwenye gari lake dogo, ambalo kioo cha mbele kilikuwa kimeganda barafu, akaanza kukikwangua kwa kadi ya plastiki aliyoitoa kwenye pochi. Miaka mitano Iowa, na bado alikuwa anakwangua barafu kwa kadi. Marlys hakuweza kuvumilia hilo. Alichukua kikwanguo chake kirefu kilichokuwa chini ya kiti, akavuka maegesho, akaanza kukwangua upande wa pili bila salamu.

"Acha tu, Marlys, naweza," akasema mwalimu.

Marlys aliendelea. Barafu ilikatika vipande vikubwa na kuanguka. Alipofika katikati ya kioo alisimama, kwa sababu sasa walikuwa wanatazamana na hakukuwa na barafu tena baina yao.

"Ile haikuwa hapana," akasema.

"Ipi?"

"Ya sasa hivi, mle ndani. Ilikuwa ya kwanza tu. Ya kwanza huwa haimaanishi kitu. Unatakiwa uulize tena."

Mwalimu alishusha kadi yake. "Mimi ndiye niulize tena?"

"Mara tatu. Ya tatu ndiyo jibu."

Ungemwona mwalimu akirudi nyuma kimawazo, mwezi baada ya mwezi, akipita kila korido na kila dawati. "Na ya Septemba?"

"Ya kwanza."

"Na ile keki?"

"Ile nilidhani umeniambia hapana mbili za adabu. Samahani sana kwa ile keki."

"Nilidhani hunipendi," akasema mwalimu. "Muhula mzima nilijiambia huyu mama hataki kufundishwa na mimi."

"Nami nilijua hutaki. Mtu anayetaka huuliza tena."

Mwalimu alicheka kidogo, mvuke ukamtoka mdomoni, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, Marlys. Mimi sitauliza mara tatu. Si kwamba sitaki, nitasahau tu, sikulelewa hivyo. Ukitaka kitu kwangu, sema mwenyewe."

Kwa hiyo hakuulizwa hata mara ya pili. Mlango uliachwa wazi, hakuna mtu aliyesimama mlangoni kumkaribisha. Wenyewe husema mficha uchi hazai, na hakuna mahali methali hiyo ilipowahi kuwa ngumu kuliko pale kwenye maegesho ya chuo cha jamii, upepo ukivuma kutoka mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Marlys alishika kikwanguo kwa mikono miwili. Alihisi haya ya kweli, haya ya mwilini, kifuani na shingoni.

"Nataka kurudia mtihani," akasema. Akajilazimisha kuendelea. "Na sijaelewa. Sijaelewa tangu mwanzo. Nataka unifundishe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Wakarudi ndani. Gari la Marlys lilibaki linanguruma peke yake mpaka Yesenia, aliyekuwa anapita kwenda zamu, alipolizima na kuleta ufunguo. Mle ofisini mwalimu alijaribu mstari wa namba, akajaribu kipimajoto, na Marlys akatikisa kichwa kwa vyote viwili na kusema kwa sauti kwamba hajaelewa. Ndipo mwalimu akamuuliza kazi yake ni nini hasa. Marlys akamweleza habari za wazee na za mgongo.

"Haya. Mzee yuko mikononi mwako, mzito. Huo uzito kwako ni faida au hasara?"

"Hasara."

"Nikija nikakuondolea huyo mzee mikononi, nimekupunguzia au nimekuongezea?"

Marlys alifikiri. Hakulifikiria kichwani, alilifikiria kiunoni, pale maumivu yalipokaa. "Nimepata nafuu," akasema polepole. "Nimeongezewa." Akaitazama karatasi. Hasi tatu, kutoa hasi nane. Ameondolewa nane. Akaandika tano, bila alama yoyote mbele yake, akaitazama sana ile tano, kisha akaomba apewe lingine.

Asubuhi yake alirudia fungu lile kwenye kona ya ofisi huku mwalimu akisahihisha za wengine. Alikosea mawili. Aliporudisha karatasi hakukaa. Alisimama na koti mkononi huku kalamu ikishuka ukurasa. Mwalimu akajumlisha pembeni, akajumlisha tena, akageuza karatasi aone mwenyewe. Sabini na moja. Marlys alihisi midomo yake mwenyewe inataka kusema si kitu, wengine wamepata zaidi. Akaifunga. Akasema asante, mara moja, na ikatosha.

Alipofika nyumbani Gerrit alikuwa uani, akisukuma theluji kutoka mlango wa banda. Alinyoosha mgongo, akaegemea koleo.

"Vipi?"

Swali hilo pale Oostveld lina jibu lake, na kila mtu analijua. Unasema si vibaya. Ukiwa umeshinda uchaguzi unasema si vibaya, na ukipata mapacha baada ya miaka kumi ya kungoja unasema si vibaya, na mwenzako anaelewa yaliyobaki. Gerrit alikuwa ameshaanza kuinama kwenye koleo lake, akilisubiri.

"Nimefaulu," akasema Marlys. "Nimefaulu hesabu, Gerrit. Niliomba msaada nikapewa, halafu nikafanya mwenyewe. Na ninajivunia."

Gerrit alitazama barabarani kuona kama kuna jirani aliyesikia. Hakukuwa na mtu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hakuna neno kama hilo lililowahi kutamkwa katika ua ule, si na yeye wala na mkewe. Basi akavua kofia, kama wanavyofanya wanaume wa kule jeneza linapopita au mtu anaposali, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mkewe kichwa wazi kwenye baridi.